Nilichoma CD ya Sauti ya Mama Yangu, Nikaifuta kwa Mkono Wangu

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minane, mshona nguo, mkazi wa Kihonda hapa Morogoro, mke wa mtu na mama wa wavulana watupu. Kwetu hasa ni Matombo, huko milimani. Siandiki haya ili nionewe huruma... hapana! Huruma nimepewa mpaka nimechoka nayo. Naandika kwa sababu yaliyonikuta yanaweza kumkuta yeyote mwenye kompyuta sebuleni na kiburi kichwani. Na kiburi ninacho, hilo hata mume wangu atawathibitishia.

Mama yangu alikuwa kungwi wa ukoo wetu. Binti akivunja ungo, mama ndiye aliyekuwa akimfunda huko ndani, na siku ya kumtoa mwali ndiye aliyeongoza ngoma. Sisi Waluguru ukoo wetu unafuata upande wa mama, kwa hiyo mabinti wote wa uzao wa bibi yetu walipita mikononi mwake, nikiwemo mimi.

Zilikuwepo nyimbo ambazo aliziimba yeye peke yake. Alizipokea kwa mama yake, na mama yake alizipokea kwa wake. Sisi wengine tulikuwa tunaitikia tu. Na sauti yake, jamani... Ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo kidogo, na akianza tu hata sisi wenye domo tulikuwa tunanyamaza.

Basi ule mkwaruzo ukaanza kuzidi. Tukadhani mafua. Tukampa tangawizi na asali, tukampa na mdalasini wa shambani kwake mwenyewe, wapi! Akawa anaongea kwa kunong'ona. Nikamleta mjini hospitali, wakampima, daktari akaniita pembeni. Kooni kulikuwa na uvimbe mbaya. Wakimpasua atapona, lakini hataongea tena maisha yake yote.

Nilirudi nyumbani nikiwa sijui nimwambie vipi. Nikamwambia hivyo hivyo, maana mama yangu hakuwa mtu wa kuzungushwa. Akauliza jambo moja tu.

"Na Rehema je?"

Rehema ni binti wa dada yangu mkubwa, Dada Mwajuma, anayeishi kule Matombo. Alikuwa amevunja ungo, tunasubiri shule zifungwe ili tumcheze unyago. Ndiye binti wa mwisho wa kizazi kile. Mama alikuwa anakwenda kupoteza sauti, na aliyemlilia ni mjukuu ambaye angetolewa ndani bila kuimbiwa!

Ndipo nikapata wazo. Nikamwambia mama, tukurekodi kabla hujapasuliwa. Alinitazama mpaka nikaona aibu. Akaniambia mambo ya ndani hayapigwi picha, tangu lini? Nilibembeleza siku nzima. Nikamwambia asipokubali, nyimbo zile zinaishia kwake. Hilo lilimchoma. Akakubali, ila kwa sharti.

"Asione mwanamume yeyote," alisema kwa kile kisauti kilichobaki. "Wala mwanamke ambaye hakuchezwa. Hata awe mwema vipi, hayo asiyaone. Umenisikia?"

"Nimesikia mama."

"Niapie."

Nikaapa. Laiti ningejua kiapo kile kitanipeleka wapi...

Jirani yangu Mwalimu Neema ana kamera ndogo ya video. Ni mtu wa Kilimanjaro, mwanamke mwema, lakini hakuchezwa. Aliniazima, akanionyesha pa kubonyeza, wala hakuuliza maswali. Tukajifungia chumbani kwangu na mama. Akajifunga khanga kifuani, akakaa kwenye mkeka, akaanza. Aliyoyasema na kuyaimba siwezi kuyaandika hapa. Nitasema tu kwamba sauti ilimrudia! Sijui aliitoa wapi. Alipomaliza alikuwa amelowa jasho, na sauti ikawa imekwisha kabisa. Zile ndizo nyimbo zake za mwisho duniani.

Baada ya siku chache akapasuliwa. Akapona. Akatoka na tundu shingoni na kitambaa cheupe cha kulifunika. Dada Mwajuma akaja kumchukua, wakapanda naye Matombo.

Mimi nikabaki na kazi yangu. Kompyuta tuliyonayo ni ya Idi, mwanangu wa kwanza. Alipopata kazi Mwanza aliiacha, akanifundisha kuiwasha, kutazama picha na kupanga mafaili. Niliingiza video ya mama humo, nikafuta kila kitu kwenye kamera kabla ya kuirudisha kwa Mwalimu Neema. Iliyobaki ilikuwa kuchoma CD tu, kwa sababu deki ya dada ni ya zamani, haina hata pa kuchomeka fleshi. Nikajiambia, kuchoma CD ni kazi gani? Watoto wadogo wanachoma pale stendi!

Wasomaji wenzangu, CD ile ilinitoa machozi.

Ya kwanza ilikuwa inaendelea vizuri, umeme ukakatika. Ikaharibika. Ya pili ikafika katikati, kompyuta ikaandika maneno mekundu ya Kiingereza, ikaitema. Ya tatu ilikamilika, lakini nilipoitazama mama alikuwa amegeuka vipande vya miraba, sauti inakatakata na kurudia neno moja. Niliitoa haraka nikaivunjavunja, asije akaiona mtu. Nilijisikia vibaya, nikahisi nimemtesa mama yangu humo ndani.

Nikampigia fundi mmoja wa mjini ambaye kadi yake nilikuwa nayo. Nikamdanganya kwamba ni video ya harusi. Kijana alikuwa na adabu. Akaniambia nisinunue CD za bei ya chini, hizo ndizo zinazokataa. Akaniambia nipunguze spidi ya kuchoma, nichague ile ya chini kabisa, nifunge programu nyingine zote na nisiguse kitu mpaka imalize. Tena akaniambia nichague kuchoma kama video ya deki, siyo kuhifadhi faili tu, la sivyo deki haitaielewa.

Kisha akasema, "Lakini mama, kwa nini usiilete? Mimi hapa ni muda mfupi tu."

Nikamjibu kwa ukali kwamba harusi hiyo ni ya watu wenye heshima zao. Jamani! Harusi gani hiyo isiyotazamwa na fundi? Mwalimu Neema naye akanisikia nikiilalamikia kompyuta, akasema angeweza kunisaidia. Nikamwambia asante, nimeshamaliza. Nilikuwa nimeapa. Nani angenisaidia? Wanaojua kompyuta ni wanaume au wanawake ambao hawakuchezwa, na waliochezwa hawajui hata pa kuiwashia.

Wakati huo huo Baba Idi, mume wangu, alianza kunitupia jicho. Yeye ni dereva wa lori, anaondoka na kurudi saa yoyote. Kila akiingia ananikuta naruka kuzima kioo. Siku moja akauliza nachati na nani. Badala ya kumjibu kama mke anavyomjibu mumewe, nikamwambia, "Mambo ya wanawake hayakuhusu!" Akakaa kimya. Ukimya ule nilipaswa kuuogopa! Lakini mimi nilikuwa nawaza CD tu.

Kwa kuogopa macho yake, video nikaificha ndani ya folda, na folda nikaitia ndani ya folda nyingine. Ili nisisumbuke kuitafuta, kwenye kioo cha mwanzo nikaweka alama yake, ile unayobonyeza mara mbili video inafunguka. Idi ndiye aliyenifundisha.

Shule zilikuwa zinafunga. Dada ananipigia kila mara, "Mdogo wangu, vipi hiyo CD? Mama anaulizia kwa mikono." Nikanunua CD nzuri. Nikakaa asubuhi, nyumba ikiwa tupu. Kwa haraka, maneno ya fundi kuhusu video ya deki yakanitoka kichwani; nikaivuta ile alama, nikaiweka kwenye CD, nikabonyeza kuchoma. Kabla hata sijaenda jikoni kugeuza mchuzi, kompyuta ikafungua mdomo wake. Imekamilika!

Nikashukuru Mungu. Nikairudisha ndani, nikabonyeza... Mama huyo! Amekaa kwenye mkeka wake, anaimba, hakuna hata mkato mmoja. Nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni. Nikachoma nyingine na nyingine, moja ya dada, moja ya mama mdogo, moja ya akiba. Zote upesi, zote safi.

Sasa nilikuwa naondoka kwenda Matombo, na nyumba naiacha mikononi mwa mwanamume. Kiapo ni kiapo. Nikaifuta video kwenye kompyuta. Nikafuta na kule takataka zinakokwenda. Nilihakikisha hakuna kilichobaki, nikazifunga CD ndani ya khanga, nikaondoka zangu naimba.

Nilimkuta mama amekonda lakini amepambwa. Chumba cha dada kimejaa mama wadogo, shangazi, na wajukuu waliochezwa. Rehema yumo ndani amejifunika. Nikamwinamia mama, "Shikamoo mama." Akanishika kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye kile kifurushi changu tu.

Dada akawasha televisheni kwa umeme wa sola. Nikaingiza CD. Deki ikazunguka, ikazunguka... kioo kikaandika kwamba hakuna kitu. Nikaifuta CD kwa khanga, nikarudisha. Hakuna kitu. Nikajaribu ya pili. Hakuna kitu! Tukaazima deki ya jirani. Ile nayo ikakataa zote. Mama wadogo wakaanza kunong'ona. Mama alikuwa amekaa mbele kabisa, uso kwenye kioo, anasubiri kujisikia.

Nikatoka nje mbio nikipitia migombani hadi pale juu mtandao unaposhika. Nikampigia yule fundi, na safari hii nikamwambia ukweli kwamba haikuwa harusi.

"Ulipochoma ilikwenda muda gani?" akauliza.

"Upesi tu. Hata sikufika jikoni."

Akasema, "Mama, video ndefu haichomwi upesi hivyo. Ulichoweka kwenye CD ni nini hasa?"

Nikamweleza habari ya ile alama.

"Basi hukuchoma video. Umechoma alama tu, inayoiambia kompyuta video iko wapi."

"Mbona niliijaribu ikacheza? Nimeiona kwa macho yangu!"

"Uliijaribu kwenye kompyuta ile ile, siyo? Alama ilikuwa inakupeleka kwenye video ya humo humo ndani. Ukiitoa nje haina pa kukupeleka."

Nilikaa chini kwenye matope. Nikamwambia video nimeifuta. Nikasikia anavuta pumzi. Kisha akasema maneno yaliyonifufua, kwamba kitu kilichofutwa mara nyingi kinaweza kurudishwa, mradi mtu yeyote asiiguse ile kompyuta. Asiiwashe kabisa, maana vitu vipya vikiingia vinakaa juu ya vile vilivyofutwa.

Nikampigia Baba Idi. Simu inaita, hapokei. Nikapiga tena, hapokei. Sikurudi hata ndani kuaga. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, nikapanda bodaboda hadi Mkuyuni, nikadandia gari la ndizi hadi mjini, njia nzima napiga simu isiyopokewa. Mbele ya dereva wa watu nilimwomba Mungu kwa sauti. Nilisema sasa niko tayari aone fundi, waone wanaume wa Morogoro nzima, lakini sauti ile irudi!

Nilimkuta mume wangu amekaa sebuleni, simu iko mezani mbele yake. Kompyuta ilikuwa inawaka. Kioo kilikuwa cha buluu, kipya, hakina picha ya Idi wala folda hata moja.

"Umeifanya nini?" nikauliza. Sikuitambua sauti yangu.

Alinieleza huku anatazama sakafu, na kwamba aibu ndiyo iliyomzuia kupokea simu yangu. Alikuwa ameshawishika kwamba nina mwanamume. Nilipoondoka tu, aliibeba kompyuta akaipeleka kwa fundi mwingine asiyenijua, akamwambia achimbe yote niliyoyafuta. Na yule fundi akaweza! Alichimba, akaitoa video ya mama nzima nzima, ikafunguka.

"Nilijua nitakuta sura ya mwanamume," Baba Idi akasema. "Nikamkuta mkwe wangu. Yuko na khanga kifuani, anaimba mambo ya ndani."

Inabidi mjue kwamba kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa. Katika miaka yote ya ndoa yetu, Baba Idi hajawahi kula chakula mbele ya mama yangu. Wakikutana njiani yeye hupisha. Sasa amemwona katika jambo ambalo mwanamume hatakiwi hata kulisikia, tena na mwanamume mwingine kando yake anatazama! Alisema alifumba macho na kuziba masikio. Akamwamuru fundi azime, afute yote, apige Windows upya, kisibaki kitu hata kidogo. Akasimama pale mpaka kazi ikaisha.

"Nilikuwa namheshimu mama yako," akasema, na machozi yakamtoka, mtu mzima yule. "Nilikuta makasha matupu ya CD, nikajua umeshachoma. Nilijua unazo..."

Ningemwambia nini? Ningempiga? Ilikuwepo! Ilirudi ikiwa nzima, wanaume wawili wakaishika mikononi, na mume wangu akaiua kwa heshima. Kama angekuwa mtu asiye na haya, mama yangu angekuwa na sauti leo.

Kompyuta niliipeleka kwa yule fundi wangu wa kwanza. Alihangaika nayo sana, nikiwa nimesimama nyuma yake bila kumficha chochote. Mwishowe akaondoa mkono kwenye kipanya, akasema, "Mama, nisamehe." Hakuwa na kosa lolote, lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba msamaha.

Nikarudi Matombo mikono mitupu. Dada Mwajuma aliniambia maneno ambayo bado yananiuma. Alisema nilitaka sifa za mjini, nikamwonyesha mama peponi kisha nikamfungia mlango. Nilimpigia mama magoti nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akanifuta machozi kwa ncha ya kile kitambaa chake cha shingoni. Hakuwa na namna ya kunigombeza, na ningetoa chochote anigombeze!

Siku ya kumtoa Rehema ikafika, hatukuweza kuiahirisha, watu walishaalikwa. Ngoma ikalia. Wanawake tukazunguka. Ikafika pale pa wimbo wa mama, ule anaouanza peke yake. Kukawa kimya. Hakuna aliyeujua. Tulikuwa tunajua kuitikia tu.

Mama akainuka. Akaenda akasimama mbele ya mwali, akamshika mabega, akafungua kinywa chake akaimba. Nawaambia aliimba! Midomo inakwenda, shingo inatetemeka, kile kitambaa kinapanda na kushuka, na sauti hakuna. Pumzi tu. Tulimtazama midomo, na aliponyamaza, tukaitikia. Akaimba tena kimya, tukaitikia tena, huku tunalia sote, mpaka wapiga ngoma wakashindwa kupiga. Rehema alikuwa anamtazama bibi yake usoni, anamtazama sana, anajaribu kuyashika maneno. Hakushika hata moja.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Kama unayo sauti ya mtu wako mahali popote, iweke na mahali pengine, leo hii. Ukichoma CD, usiijaribu kwenye kompyuta uliyochomea, ipeleke kwa jirani, ipeleke kwenye deki nyingine, ikicheza huko ndipo useme unayo. Ikiisha upesi kuliko ulivyotegemea, usifurahi, jiulize. Na usifute cha kwanza! Kuna haraka gani ya kufuta? Kama una siri isiyotakiwa kuonwa na mtu, basi tafuta mtu mmoja wa kumwamini kabla hujaanza. Mwalimu Neema aliniambia baadaye angefumba macho akanielekeza tu pa kubonyeza. Sikuwahi kumwomba.

Nanyi akina baba, mke akizima kioo, muulizeni tena kwa upole. Nanyi akina mama, mkiulizwa, jibuni vizuri. Mimi na Baba Idi bado tunaishi pamoja, lakini ile kompyuta tumeifunika kitambaa, hakuna anayeiwasha.

Mama yangu yu hai, nimemchukua tena, yuko na mimi hapa Kihonda. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, naye ananishika kichwa. Mwanzoni nilikuwa naisikia kichwani mwangu ile marahaba yake, nzito, yenye mkwaruzo. Siku hizi nasubiri niisikie... na siisikii tena.